Kurasa Kumi na Sita za Anko Gundi

Hana cheti cha ukutubi. Hana meza yake mwenyewe, wala droo ya kufunga kwa ufunguo. Hana miwani inayolingana na macho yake; anayovaa aliachiwa na mwenzake aliyestaafu, na jicho la kushoto limejifunza kuvumilia. Darasa la saba hakulimaliza. Mama hakuwa naye tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Na kitabu cha kununua kwa fedha zake mwenyewe hakukipata mpaka alipotimiza miaka thelathini na minne.

Hata hivyo, saa tatu na robo asubuhi ya Jumamosi, vijana kumi na mmoja wamejipanga mbele yake chini ya ngazi za maktaba ya manispaa. Wanamsubiri awaambie wasome nini.

"Shikamoo, Anko. Mimi leo nataka cha kuniogopesha," anasema msichana aliyetangulia, begi la shule likiwa mgongoni.

"Marahaba. Kukuogopesha kiasi gani? Cha kulala taa ikiwaka, au cha kuhama nyumba kabisa?"

"Cha kuhama nyumba."

"Halafu mama yako aje anitoe meno hapa. Haya, cha mwisho ulikiacha ukurasa wa ngapi?"

"Nilimaliza, Anko."

"Ulimaliza? Mbona umekunja pembe ukurasa wa themanini na moja, na kuanzia hapo kurasa hazina hata alama ya kidole?"

Foleni nzima inaangua kicheko. Msichana naye anacheka, ameziba uso kwa kadi yake. Mzee hacheki. Anainama, anavuta vitabu viwili kutoka rafu ya chini na kumpa vyote.

Ndivyo anavyofanya siku zote. Hatoi kitabu kimoja. Anatoa viwili: kimoja anachokiita cha kushibisha, yaani cha aina anayoipenda msomaji, na kimoja cha kutafuna, cha aina ambayo msomaji ameapa hataigusa. Apendaye hadithi za kutisha atapewa na riwaya ya kihistoria. Apendaye upelelezi atapewa na mapenzi.

"Mimi mapenzi sisomi," analalamika kijana mrefu ambaye wenzake wanamwita Twiga. "Washikaji wakiniona nimekwisha."

"Nani kasema mapenzi? Tazama vizuri."

Kitabu kimevalishwa karatasi ya kaki, kimeandikwa kwa wino mweusi: Hesabu za Nyongeza. Riwaya zote za mapenzi zinazoazimwa na wavulana huvalishwa hivyo. Mzee anasema hakuna hata moja iliyowahi kurudi bila kusomwa, na mbili hazikurudi kabisa.

Jina lake vijana hawalijui. Wanamwita Anko Gundi, kwa sababu vidole vyake vina utando mweupe wa gundi ambao sabuni imeushindwa. Ana miaka hamsini na tisa. Aliajiriwa miaka ishirini na miwili iliyopita kuwa fundi wa kukarabati vitabu, na kwenye orodha ya mishahara yumo kundi moja na mlinzi na mfagiaji. Kuwachagulia vijana riwaya si kazi yake. Hakuna aliyemtuma, na hakuna anayemlipa kwa hilo.

"Nilianza kwa sababu fundi lazima akague alichoshona," anasimulia. "Ukikagua, unasoma. Ukishasoma, mtoto akikuuliza kikoje, utamwambia hujui?"

Maktaba ina vitabu elfu moja mia moja na arobaini. Vya vijana ni mia nne na kumi na viwili, na mwaka wa sita huu hakijanunuliwa hata kimoja. Dari linavuja juu ya rafu ya safari za anga, kwa hiyo rafu hiyo imesogezwa hadi mlangoni mwa choo. Mzee amevisoma vyote mia nne na kumi na viwili.

Alidhani amevisoma vyote. Hilo ndilo linalomkosesha usingizi mwaka huu.

*

Kiti kilicho karibu na dirisha hakina mtu. Vijana wanakipita. Kwa miezi kumi kilikuwa cha msichana wa miaka kumi na minne, mwembamba, mwenye sauti ya chini hata mzee alilazimika kuinamisha kichwa ili amsikie. Wenzake walimwita Bi Kimya.

Siku ya kwanza alipofika, mzee alimuuliza swali lake la kawaida: "Nani kakuudhi wiki hii?"

"Daktari," alijibu.

Mama yake alikuwa amelazwa. Mzee hakuuliza zaidi. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya tatu akatoa riwaya ya jalada la kijani. Ilimhusu fundi cherehani aliyeugua na binti yake aliyebaki na duka, wateja na nguo zisizokwisha. Ukurasa wa mwisho, ule wa mia moja tisini na mbili, mama yule anashuka kitandani, anasogeza kiti mbele ya cherehani na kumuuliza bintiye uzi mweusi uko wapi.

Kwa miaka kumi na mmoja, kila mtoto aliyekuwa na mgonjwa nyumbani, mzee alimpa kitabu hicho.

"Anapona?" Bi Kimya aliuliza, akiwa bado hajakifungua.

"Soma mwenyewe."

"Anko, niambie tu. Nikijua anapona nitasoma."

Mzee alimtazama usoni. "Anapona," alimwambia.

Aliazima kitabu hicho mara nne. Mara ya tatu alikuwa akimsomea mama yake wodini, kurasa kumi kila jioni, hadi saa ya kutazama wagonjwa ilipokwisha. Mama alikipenda mno. Walipofika mwisho alitaka warudie tena tangu mwanzo, ila nakala ya maktaba ilikuwa imetakiwa na msomaji mwingine. Basi mama mdogo wa msichana, akiwa safarini, alikiona dukani akamnunulia dada yake nakala mpya.

Nakala mpya ilikuwa na kurasa mia mbili na nane.

*

Mama mdogo huyo ndiye aliyekuja maktaba miezi minne iliyopita kurudisha kadi ya msichana. Alisimama kaunta, kanga ya msiba bado begani, akaweka vitabu viwili vya kijani kimoja juu ya kingine. Kimoja kilikuwa chembamba kidogo kuliko mwenzake.

"Wewe ndiye Anko Gundi?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Tumemzika wiki mbili zilizopita."

Mzee alitoa pole. Mwanamke aliipokea kwa kutikisa kichwa, kisha akafungua kitabu kinene pale palipokuwa na kijikaratasi.

Alisimulia bila kupandisha sauti. Msichana alikuwa amekaa kando ya kitanda, anasoma. Akafika kwenye uzi mweusi, mahali alipopajua kwa moyo. Akafunua ukurasa akitarajia jalada, akakuta maneno. Akaendelea kusoma, kama mtu ashukaye ngazi gizani na kukuta kuna kidato kingine. Ukurasa wa mia moja tisini na tatu unaanza siku tano baadaye, nyumba ikiwa imejaa watu, na viti vya kuazima vimepangwa hadi barabarani.

"Akanyamaza," alisema mama mdogo. "Dada yangu akamwambia, endelea. Mtoto akasema, mama, nimechoka. Akamwambia, umechoka nini, endelea, tusiache njiani. Basi akamsomea. Zote kumi na sita. Mimi nilikuwepo, nimeshika chupa ya chai, sijui niimimine au niiache. Dada alisikiliza hadi neno la mwisho, akasema, 'Kumbe ndivyo ilivyokuwa.' Akageukia ukutani. Siku ya tisa akafariki."

Kijikaratasi kilikuwa na maneno mawili kwa mwandiko wa shule: Anko, ulijua?

"Amesema nisirudi bila jibu," alisema mwanamke. "Nimemchukua, anaishi kwangu sasa, mbali na hapa. Halali. Anasema ulimtazama machoni ukamwambia anapona."

Nyuma yake vijana watatu walikuwa wanasubiri na kadi mikononi. Mzee aliwatazama.

"Mwambie sikujua," alisema. "Kitabu kilikuja hivyo hivyo."

Mama mdogo alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nilijua tu. Nilimwambia, mzee wa watu hawezi kufanya kitu kama hicho."

*

Riwaya kama ile hushonwa kwa mikunjo. Kila mkunjo una kurasa kumi na sita, na uzi mmoja hupita mgongoni kuishika mikunjo yote pamoja. Fundi akikivunja kitabu, huihesabu kwanza kabla ya kufanya lolote. Ni kama kuangalia njia kabla ya kuvuka.

Miaka kumi na mmoja iliyopita kitabu cha kijani kilifika ndani ya katoni la msaada, bila jalada la nyuma, mgongo umepasuka. Anko Gundi aliihesabu mikunjo: kumi na miwili. Chini ya wa kumi na mbili, uzi ulikuwa unaning'inia na vipande vidogo vya karatasi vimenasa kwenye mafundo.

"Mtoto wa fundi wa siku mbili angeona," anasema, macho yake kwenye vidole. "Uzi haushoni hewa. Pale palikuwa na mkunjo wa kumi na tatu."

Sheria ya maktaba inajulikana. Kitabu kisichokamilika hupigwa muhuri mwekundu, Hakijakamilika, au hutupwa. Lakini kabla ya kuchukua muhuri alikisoma, jioni moja tu, akafika kwenye yule mama anayeshuka kitandani. Kwake mwenyewe mama hakushuka. Yeye alitolewa darasani katikati ya somo, akaambiwa na jirani njiani, na shule ikaishia hapo.

"Nilikaa na kile kitabu mapajani muda mrefu. Nikajiambia, labda huko nyuma ni matangazo ya mchapishaji. Labda ni kurasa tupu. Nikaukata uzi, nikapaka gundi, nikaweka jalada jipya. Kazi safi. Hadi leo ukikishika huwezi kujua."

Kisha anaongeza: "Ningeweza kutafuta nakala nyingine nikasoma. Sikutafuta. Miaka kumi na mmoja sikutafuta."

Baada ya mama mdogo kuondoka, aliendelea kuhudumia foleni. Aliwapa wale vijana watatu vitabu sita. Mmoja wao alirudi Jumamosi iliyofuata kulalamika kwamba alipewa viwili vya aina moja. Halijawahi kutokea.

*

Alimweleza mkutubi mkuu mwezi uliofuata. Mkutubi huyo ni mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yake, mkali lakini si katili. Alimsikiliza hadi mwisho, akavuta kadi ya kitabu na kuanza kuhesabu majina ya walioazima kwa ncha ya kalamu.

"Arobaini na saba," alisema. "Mzee, wasomaji arobaini na saba."

"Naam, madam."

"Wote wana wagonjwa?"

"Karibu wote."

"Na wewe ndiye uliyewachagulia?"

"Ni mimi."

Mkutubi aliirudisha kadi kitabuni. Kisha akamsogezea muhuri mwekundu, naye mzee akaupiga mwenyewe ndani ya jalada alilolibandika kwa mikono yake. Hakufukuzwa. Aliandikiwa onyo, nalo limo kwenye faili lake, la kwanza tangu aajiriwe. Arobaini na sita waliobaki wengi ni watu wazima sasa. Mmoja ni kondakta. Humsalimia barabarani kwa furaha, na mzee hujifanya hamsikii.

Alidhani habari itakufa hapo, kwamba atalibeba pigo lake polepole na mtoto ataisahau. Wiki tatu zilizopita ikaja barua.

Bi Kimya aliandika kwamba mama mdogo alimpa jibu. Kwamba kama hakujua, basi hana kinyongo, na anaomba radhi kwa kumfikiria vibaya. Kwamba shule mpya ina kabati moja la vitabu na dada wa maktaba hajui chochote. "Sijasoma tangu siku ile," aliandika. "Nikifika katikati nafunga. Naogopa. Lakini wewe ukinichagulia nitasoma, kwa sababu wewe hukunidanganya. Nichagulie vitano, Anko. Vya aina zote, kama ulivyotuzoesha."

"Niliisoma nimesimama, nikatafuta pa kukaa," anasema. "Angenitukana ningelala. Sasa ameniomba radhi."

*

Jumapili alasiri amekaa mezani nyumbani kwake, karatasi ya mistari mbele yake. Mkewe anakunja nguo zilizoanuliwa, anazipanga pembeni mwa meza hiyo hiyo kwa marundo, na kila akipita anaichungulia karatasi.

"Bado hujaandika hata salamu? Mwenzangu, wewe ungekuwa mwandishi tungekufa njaa mapema zaidi."

"Naanza na vitabu au naanza na lile?"

"Vitabu. Mtoto kaomba vitabu, mpe vitabu. Lile la nini tena? Keshakusamehe."

"Kamsamehe mtu mwingine, siyo mimi."

Mke anaacha shati nusu limekunjwa. "Ukimwambia hatasoma tena maisha yake. Umelifikiria hilo? Sasa hivi anakuamini. Mtu pekee anayemwamini huko aliko ni wewe, na wewe unataka kumvunja kwa ajili ya roho yako itulie."

Hilo ndilo limemzuia kuandika wiki zote tatu. Anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, anaivaa tena.

"Kila kitabu nitakachomchagulia atakifungua kwa sababu ya uongo wangu," anasema hatimaye. "Siku atakapoujua, na watu hujua, atavifunga vyote vitano kwa mpigo."

"Basi weka mwishoni. Asome vitabu kwanza, apate nguvu."

"Mwishoni ndipo nilipomficha mara ya kwanza. Safari hii naanza nako."

Mke anaguna, anarudi kwenye shati. Hakubali, lakini anasogeza marundo ya nguo ili mumewe apate nafasi ya kuweka mkono.

Ukurasa wa kwanza unamchukua saa mbili. Hauna maneno mengi. Unasema: mwanangu, nilijua kuna kurasa zilizokosekana, sikujua zimeandikwa nini, kwa sababu sikutaka kujua. Unasema: nilipomwambia mama yako mdogo kuwa sikujua, nilikuwa naogopa watu walionizunguka. Unasema: usiniombe radhi. Halafu: orodha uliyoomba iko ukurasa wa pili. Ukitaka kuichana bila kuisoma, ni haki yako, na mimi sitakuuliza.

Ukurasa wa pili kalamu inakimbia. Cha kwanza ni cha upelelezi, kuhusu kengele ya shule iliyoibwa. Hakuna anayekufa, na mwizi utamjua kabla ya mpelelezi. Cha pili ni cha kutisha. Kina kitu kinachoishi ndani ya tangi la maji, usome mchana. Cha tatu ni cha safari za anga, kinene, kwa siku zile ambazo mtu hataki kufika mwisho wa kitu chochote. Cha nne ni mapenzi. Utacheka; ukiona haya, kivalishe kaki.

Cha tano ni cha kihistoria, kinamhusu msichana mpeleka barua wakati wa vita. Hapo anaandika, anafuta, anaandika tena: Katika hiki mama anafariki ukurasa wa arobaini. Bado kuna kurasa mia mbili na hamsini baada ya hapo. Nimekwambia mapema ili uamue mwenyewe.

Vitabu vyote vitano amevifungua upya wiki hii, kimoja baada ya kingine, akahesabu mikunjo.

Anatarajia nini?

"Sitarajii barua," anasema. "Natarajia tu kwamba akimaliza ukurasa wa kwanza, mkono wake utafunua wa pili. Hata kwa hasira. Akisoma kimoja kati ya vile vitano hadi mwisho, hata asiponiambia, mimi nitakuwa nimepata zaidi ya ninachostahili. Na muhuri mwekundu nautembeza rafu zote sasa. Nimefika mia na tisini. Vitatu nimeshavikamata."

Jumatatu saa nne asubuhi yuko posta. Watu wawili wako mbele yake. Anaitoa barua mfukoni, anaisoma mara nyingine akiwa wima, anaikunja mara tatu. Analamba ukingo wa bahasha na kuubana kwa kidole gumba kutoka kona hadi kona.

"Ya kawaida au rejesta?" anauliza karani.

"Rejesta. Nataka aisaini mwenyewe, siyo mtu mwingine."

"Ndani kuna nini, mzee? Nyaraka? Kitu cha thamani?"

"Karatasi mbili."

Karani anaandika, anabandika stempu, anagonga muhuri. Anamrudishia kipande cha risiti, kisha bila kutazama anaitupa bahasha kwenye mfuko ulio nyuma yake, pamoja na nyingine.